Makato ya Mashine na Jina la Faraja

Ukitaka kumwona Shamsia akiwa na furaha, nenda Bigwa, Morogoro, asubuhi na mapema, ukungu ungali umekaa juu ya mapaa. Utamkuta uani, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapuliza. Moshi unamtoa machozi, na bado anaimba. Nje ya geti wanawake wanateremka kutoka mlimani na vikapu vya ndizi na karoti.

"Hodi, Mama Abdu! Leo karoti za kweli!"

"Za juzi zilikuwa za uongo?" anawajibu. Wanacheka, wanauza, wanakwenda zao mjini.

Shamsia, au Mama Abdu, ana gesti ya vyumba vinane. Ukiiita hoteli anakukatalia. Ni gesti, lakini shuka zake ni nyeupe na choo chake hakinuki. Wageni wake ni watu wa semina, wapanda mlima, na watafiti wanaokuja kutafuta vyura wa Uluguru. Ndiyo, vyura. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya chura, na Mama Abdu anawapikia chai. Wengi wao hawatembei na pesa taslimu. Wanalipa kwa kadi.

Mashine ya kadi inashikwa na Faraja. Faraja ni mke wa Abdulatif, mtoto wa Shamsia. Abdulatif ni dereva wa malori ya Tunduma, nyumbani anaonekana kwa nadra. Faraja ndiye anayepokea wageni, anaandika majina yao na kupitisha kadi zao. Mashine inatoa vikaratasi viwili. Kimoja anampa mgeni. Cha pili kinabaki.

Na hicho cha pili Mama Abdu alikuwa anawashia jiko.

"Mama, wenzetu wanavitunza," Faraja alimwambia mara moja.

"Wanavitunzia nini? Mgeni ameshalipa, ameshaondoka. Mkaa siku hizi unajua bei yake? Lete hapa."

Vikaratasi vilishika moto upesi. Mama Abdu akaona amepata.

Mwisho wa mwezi alikuja Mansuri, kaka yake mkubwa, muuza mbao. Mansuri ana sauti katika nyumba ile. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na gesti imejengwa kwenye kiwanja cha lukolo, yaani ukoo wa mama yao. Tena mbao za paa alizitoa yeye. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anakaa barazani na daftari la wageni, anapiga hesabu.

Siku hiyo hakunywa hata chai.

"Shamsia, njoo. Wageni wa kadi wamelipa milioni sita. Benki inakata elfu mbili na mia tano kwa kila laki. Hilo tulikubaliana nao, halina ubishi. Wakikata hiyo, inabaki milioni tano, laki nane na nusu. Sawa?"

"Sawa, kaka."

"Leo kwa mara ya kwanza nimelinganisha daftari na hesabu za benki: zimeingia milioni tano na laki saba. Laki na nusu haipo. Nimerudi nyuma, mwezi uliopita hivyohivyo, na wa kabla yake. Laki na nusu ni mshahara wa mtu! Nani anashika mashine?"

Mansuri akasimama. Ana kifua kipana, na akikasirika hana siri.

"Mwizi tumemwoa wenyewe! Tumemlisha wenyewe!"

Wanawake wa karoti wakasimama pale getini. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akaacha kugonga. Mtaa mzima ulisikia.

Faraja akatoka ndani, shuka chafu mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Nimesikia. Sijachukua hata mia."

"Basi imekwenda wapi? Benki imeiba? Benki yenye walinzi na kiyoyozi iibe laki na nusu za gesti ya Bigwa? Mimi nakujua mchezo wako. Mgeni anakuja na laki. Unaingiza pungufu kwenye mashine, iliyobaki unaipokea mkononi."

"Tuangalie vikaratasi vya mashine, mjomba. Kila kimoja kinaonyesha nilichoingiza."

"Viko wapi?"

Faraja akamtazama mkwewe. Mama Abdu akatazama jiko. Majivu yalikuwa bado ya moto. Hapo mwanamke yule alitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuwa nawashia mkaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeona?" Mansuri akageuka. "Jumapili lukolo itakaa. Abdulatif nitampigia simu mimi. Msichana arudishwe kwao Dakawa."

Faraja akaiweka shuka chini taratibu.

"Dakawa siendi, mjomba. Nikiondoka leo, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mwizi. Nitakaa hapahapa."

"Thubutu!"

"Ndiyo nimethubutu."

Mansuri akaondoka akiwa anasonya.

Sasa nawaambieni ukweli kuhusu Mama Abdu, ingawa nampenda. Alimwamini mkwewe, lakini shaka ni kama kiroboto. Mmoja tu anakunyima usingizi. Jioni walikuwa wamekaa wanamenya njegere, akashindwa kujizuia.

"Faraja mwanangu, niambie mimi peke yangu. Kama ulikuwa na shida, mtu huwa na shida..."

Faraja akaacha kumenya.

"Mama, na wewe?"

Maneno hayo matatu yalimchoma kuliko makelele yote ya Mansuri. Faraja akainuka akaingia chumbani kwake. Njegere zikabaki zimemwagika kwenye ungo. Mama Abdu alikaa palepale, akajiona mtu mbaya kabisa.

Kesho yake alikwenda mjini kwa Urmila, anayemwita Mama Krupa. Urmila anauza mashuka na mapazia. Ukoo wake umekuwa na duka hilo Morogoro tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni cha hapahapa, cha kukata maneno. Shamsia alikuwa ameagiza kwake mashuka mapya.

"Mama Krupa, yale mashuka basi. Sina uwezo tena."

"Ala! Jana uwezo, leo huna? Kaa hapo. Umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa."

Akamweleza yote, tangu daftari la wageni mpaka ule msemo wa "Mama, na wewe?" Urmila alisikiliza huku anakunja pazia. Shamsia alipofika kwenye vikaratasi vya mkaa, Urmila akaacha kukunja.

"Umechoma risiti? Mama Abdu! Hata mimi ni bahili, lakini si kiasi hicho!"

"Nicheke mwenzangu, nimestahili."

"Sikucheki tena. Nisikilize. Mkataba wa mashine unao?"

"Upo kabatini."

"Mashine mlikodi au mlinunua?"

"Tulinunua. Tulilipa zote siku ya kwanza."

"Mh." Urmila akavuta kiti karibu. "Mimi walinikata hivyohivyo. Kila mwezi nalalamika, namgombeza mtoto wa dukani, kumbe wakataji wako benki. Sasa shika hili. Risiti uliyochoma ni nakala yako tu. Benki inaandika kila kadi iliyopita, siku gani, kiasi gani, imekata nini. Nenda kaombe taarifa ya miamala ya mashine, tangu siku mlipoanza. Siyo ile fupi ya akaunti inayoonyesha jumla tu. Ile ndefu, yenye kila mgeni peke yake."

"Wakininyima?"

"Wakunyime akaunti yako mwenyewe? Waambie wakuandikie kwamba wamekunyima. Utaona watakavyoitafuta. Ukishaipata, weka pamoja vitu vitatu. Alicholipa mgeni. Mkataba unachoruhusu kukatwa. Kilichoingia. Vikikataana, mwizi umempata."

Kuna jambo lilimrudia Shamsia kichwani, na halikumfurahisha.

"Mama Krupa, mimi niliwahi kuona. Mwaka jana meseji ya benki ilikuja pungufu. Nikampigia Fransisko, yule kijana wa benki aliyetuletea mashine."

"Akasemaje?"

"Alinitania. Yeye Mnyamwezi."

Wageni wa huku itabidi niwaeleze. Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaruhusiwa. Anakutukana kwa mapenzi, na hukasiriki. Msibani kwako atavaa kanzu ya marehemu, atamkamata kuku wako, atadai apikiwe, na wewe uliyefiwa utacheka huku unalia. Kumkasirikia mtani ni aibu. Basi Fransisko alipopigiwa simu ile alijibu, "Mluguru wewe! Ukishuka mlimani na ndizi, hesabu unaziacha juu! Mtani akila chako utampeleka polisi?" Mama Abdu alicheka mpaka akashika mbavu. Akakata simu. Hakuuliza tena.

"Kwa hiyo mmekatwa mwaka mzima kwa sababu ulichekeshwa," alisema Urmila.

"Ndivyo."

"Haya, kicheko kimekwisha. Nenda benki."

Alikwenda hapohapo. Dada wa dirishani alimwambia mfumo uko chini. Mama Abdu akakaa kwenye kiti. Akaambiwa arudi kesho. Akasema kesho iko mbali, hapa pana kiyoyozi, yeye hana shida. Alikaa mpaka mchana. Mfumo ukapanda juu wenyewe.

Nyumbani aliweka karatasi mezani, akagonga mlango wa Faraja.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuuliza swali ambalo sikupaswa kuuliza. Halafu nimekuja kukuomba msaada. Macho yangu hayaoni tarakimu ndogo."

Faraja akatoka, akavuta kiti.

Hawakutafuta sana. Kila mgeni aliyelipa laki, mashine ilikuwa imeandika laki kamili. Faraja hakupunguza hata shilingi. Chini yake makato yalikuwa mawili. La kwanza elfu mbili na mia tano, makato ya kadi. La pili elfu mbili na mia tano, ada ya kukodi mashine.

"Kukodi!" Faraja akapiga meza. "Mashine ni yetu!"

Mkataba ukatolewa kabatini. Uliandikwa wazi: mteja amenunua mashine, hatadaiwa ada ya kukodi. Chini palikuwa na sahihi ya Fransisko.

Mama Abdu alilia. Kisha akafuta macho kwa upande wa khanga, na nawaambieni, baada ya hapo hakulia tena mpaka mwisho wa mambo haya. Alikuwa amekasirika vizuri.

Jumapili lukolo ilikaa uani. Wazee walikuja, mama wadogo wakaja mpaka kutoka Mikese. Abdulatif alikuwa safarini Tunduma, simu yake haikupatikana. Shamsia akasimama mbele ya kaka yake, akaonyesha taarifa, akaonyesha mkataba. Wazee wakazipokezana zile karatasi. Wengine walizishika juu chini.

Mansuri akatikisa kichwa.

"Karatasi! Siku hizi stesheneri yoyote inakuchapia karatasi. Mimi mpaka benki yenyewe iseme. Iseme kwa mdomo wake."

"Kwa hiyo neno la mwanao Faraja halitoshi?" aliuliza Shamsia.

"Huyo si mwanangu."

Mama wadogo wakaguna. Lakini hakuna aliyempinga. Ikaamuliwa wangoje benki, na kwa wakati huo Faraja asiguse mashine. Faraja alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuinamisha kichwa.

"Benki itasema," alisema.

"Itasema lini?" Mansuri akamkejeli.

"Siku tutakayoisemesha."

Jumatatu wakaenda wawili, mkwe na mkwewe. Urmila alikuwa amewafundisha jinsi ya kuandika malalamiko. Andika umekatwa nini, tangu lini, mkataba unasemaje, na unataka nini. Toa nakala. Waambie wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, tena wenye tarehe. "Malalamiko ya mdomo yanaishia mdomoni," alisema. "Wewe unajua, maana yako yaliishia kwenye kicheko."

Meneja wa tawi aliitwa Innocent. Kijana mpole, tai imembana. Aliamkia, "Shikamoo mama," akawakaribisha, akamwita Fransisko.

Fransisko aliingia anatabasamu.

"Ehee! Waluguru wamevamia benki! Leo mmebeba ndizi ngapi? Mtani, umekuja kunishitaki mimi kweli?"

Pale Shamsia alihisi kicheko kinampanda kooni. Mazoea yana taabu. Akakimeza.

"Fransisko, siku nikifiwa njoo. Kamata kuku wangu wote, vaa kanzu ya marehemu, kalia kiti changu. Nitacheka mpaka nianguke. Lakini leo sijafiwa. Leo nakatwa pesa isiyo yako wala ya benki yako. Ondoa utani hapa."

Tabasamu likamtoka Fransisko. Innocent akauliza, "Fransisko, hii mashine wameinunua?"

"Wamenunua, bosi."

"Mbona kwenye mfumo umewaandika wamekodi?"

Fransisko akakuna shingo, akaeleza. Alikuwa ameandikisha mashine nyingi siku ile, akateleza. Mama alipompigia simu aliliona kosa. Lakini kurekebisha kulitaka maelezo kwa wakubwa, na utani ulikuwa karibu zaidi.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Faraja.

"Dada, nilidhani ni kitu kidogo."

"Kidogo? Mimi naitwa mwizi kwa hicho kidogo chako."

Innocent akaandika, akagonga muhuri, akaahidi. Ada ya kukodi ikafutwa siku ileile. Lakini pesa za nyuma! Hapo ndipo mlima ulipoanza. Leo faili liko Dar, kesho mhusika yuko likizo. Mwishowe Innocent akawaita. Mezani paliwekwa karatasi.

"Mama, habari njema. Makao makuu wamekubali kurudisha miezi mitatu. Weka sahihi hapa."

Shamsia alitaka kushika kalamu. Ni pesa, jamani, na alikuwa na madeni. Faraja akaivuta ile karatasi, akasoma kwa sauti: "Mteja anakiri kwamba hana madai mengine yoyote."

"Ni utaratibu tu," alisema Innocent.

"Mlikata miezi mitatu?" aliuliza Shamsia.

"Hapana, mama."

"Mlikata tangu siku ya kwanza. Mtarudisha tangu siku ya kwanza. Sahihi yangu hupati."

"Mama, mkikataa hii inaweza kuchukua muda mrefu sana."

"Baba, mimi nimeizoea Uluguru. Kupanda polepole hakuniui."

"Tumefanya ujinga?" Shamsia alimuuliza Faraja njiani walipotoka.

"Kama ni ujinga, mama, tumeufanya pamoja."

Urmila alipopata habari alipiga makofi. Akawaeleza hatua iliyobaki. Ukilalamika benki yako, na haikujibu au jibu halikuridhishi, hujafika mwisho. Benki zote ziko chini ya Benki Kuu. Huko kuna dawati la kupokea malalamiko ya wateja. Halitozi pesa. Unapeleka nakala zako: mkataba, taarifa ya miamala, malalamiko yenye muhuri, na majibu uliyopewa.

"Ndiyo maana nilikuambia ugongewe muhuri," alisema. "Bila muhuri wangesema hata hawakujui."

Wakapeleka. Wakati wanangoja, Faraja alifua mashuka na kupika. Mashine aliishika Shamsia mwenyewe, na wageni walimwona anavyohangaika na vile vitufe. Mtafiti mmoja wa vyura alikatwa elfu ishirini badala ya laki mbili, na nusura aondoke. Faraja aliona kutoka jikoni. Hakucheka, wala hakusogea. Ameambiwa asiguse, hagusi.

Kisha siku moja simu ya Shamsia ikalia. Alikuwa Innocent, na sauti yake imebadilika.

"Mama, shikamoo. Tumepata barua kutoka Benki Kuu. Njooni tafadhali. Pesa yote itarudi."

Na ikarudi. Tangu siku ya kwanza. Shamsia aliiona ikiingia, akasema alhamdulillahi. Alidhani angeruka kwa furaha. Hakuruka. Alimtazama Faraja aliyekaa pembeni yake pale ofisini, uso wake uleule wa tangu siku ya Mansuri.

"Mama," Innocent alisema, "kwa usumbufu uliowapata, benki iko tayari kuongeza fidia. Unataka kiasi gani?"

Watu wengine wangetaja kiasi, na mimi nisingewalaumu. Fidia ya pesa ni haki pia. Lakini Shamsia alimgeukia mkwewe.

"Waliyemuumiza ni wewe. Sema wewe."

Faraja akavuta pumzi.

"Pesa imerudi. Jina langu bado. Njooni Bigwa mseme. Mbele ya ukoo, kwa mdomo wenu, kwamba mlikata nyinyi."

Innocent akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akaona si mzaha.

"Dada, benki haina utaratibu huo."

"Mna utaratibu wa kukata, wa kusema hamna?" aliuliza Shamsia. "Basi andika kwenye faili kwamba malalamiko hayajafungwa. Nitawaambia Benki Kuu hivyohivyo. Na wafanyabiashara wenzangu nimeshawaambia waombe taarifa zao. Watakuja. Jiandaeni."

Innocent akatazama dari. Akatazama ile barua ya Benki Kuu. Akalegeza tai.

"Jumapili saa ngapi?"

Jumapili alikuja, na Fransisko akiwa nyuma yake. Uani palijaa. Hata fundi baiskeli aliomba ruhusa akaingia. Mansuri alikaa mbele, mikono juu ya magoti.

Innocent aliwaamkia wazee, kisha akasema bila kuzunguka. "Kosa lilikuwa letu. Tulikata ada ambayo haikuwa halali. Kila mgeni aliyelipa kwa mashine ile, dada huyu aliingiza pesa yote, kamili. Nimekagua mwenyewe. Hakuchukua kitu."

Fransisko naye akasimama. Leo hakuwa na kichekesho. "Niliona kosa nikalifunika kwa utani. Utani ni wa babu zetu, mimi nimeutumia vibaya. Nisameheni. Dada Faraja, nisamehe."

Mama wadogo wa Mikese wakapiga vigelegele. Wazee wakatikisa vichwa, wakamgeukia Mansuri. Mansuri akakohoa.

"Haya. Tumesikia. Mambo yamekwisha, tunywe chai." Akainuka.

"Hayajaisha, mjomba."

Alikuwa Faraja. Alikuwa ametoka mlangoni, amesimama katikati ya ua.

"Benki imesema. Wewe bado."

"Mimi niseme nini tena? Si wameshasema?"

"Wao walikata pesa. Mwizi uliniita wewe."

Shamsia alijua kaka yake, alijua kiburi chake. Alisogea akasimama kando ya mkwewe, bega kwa bega. "Kaka," alisema, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami nilimshuku, nikamwomba radhi. Sikufa."

Mansuri alitazama chini.

"Faraja si mwizi," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikia, mjomba. Siku ile mpaka barabarani walisikia."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mansuri akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni kwa hasira. Akajaza hewa kile kifua chake kipana.

"Faraja si mwizi! Mimi Mansuri nilimsingizia! Faraja ni mwanangu!"

Getini, wanawake waliokuwa wanapandisha mlima na vikapu vitupu wakasimama. "Anasemaje?" mmoja aliuliza. Mwenzake akamjibu, na mwenzake akamjibu wa nyuma, mpaka maneno yakaanza kupanda nao Uluguru.

Faraja aliinama akampa mjomba mkono wa heri, na mjomba akaushika kwa mikono yake miwili. Kisha gari likapiga honi nje. Walikuwa wageni, wenye mabegi makubwa ya mlimani.

"Nani atawapokea?" aliuliza Shamsia.

"Mimi," alisema Faraja, akaenda kuchukua mashine.